Shati Lililokosa Kutundikwa

Siku ya kutundika, hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumba cha juu kabla pasi haijapoa. Sheria hiyo aliitunga Shangazi, na Shangazi akiwa na pasi mkononi, hata mwenye chumba hupiga hodi.

Mwenye chumba alikuwa binti ya kaka yake, mwanamke mrefu, mwenye shingo ya kujivunia na ulimi usiojua kuzunguka mbuyu. Wapenda nguo wote walimwita Wembe, naye akaitika, maana jina lilimkaa kama koti lililokatwa kwa kipimo chake. Lilitokana na kazi. Kila msimu mpya ukiingia, mafundi na wenye chapa, wakubwa kwa wadogo, walimletea nguo za wanaume azitazame: mashati, makoti, zile suruali pana ambazo vijana wamezipenda siku hizi. Yeye jambo la kwanza alichukua wembe akafumua lebo. Uwe na jina linalotajwa kwenye kila simu, uwe fundi wa kibarazani asiyejulikana hata na jirani yake, kwa Wembe jina unalivua mlangoni kama viatu. Lebo inatiwa kwenye bahasha, nguo inabaki yatima, ijitetee yenyewe.

Baada ya hapo nguo inafuliwa. Inaanikwa, inapigwa pasi, halafu anapewa Kinyozi wa duka la chini ashinde nayo kazini, mikono juu kutwa nzima. "Shati likitulia kwenye suruali ya kinyozi mpaka jioni," Wembe hupenda kusema, "litatulia hata kwa bwana harusi anayecheza." Nguo iliyopita inatundikwa kwenye bomba la dirishani, inapigwa picha, inawekwa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, na vijana huusubiri ukurasa huo kama wanafunzi wanavyosubiri matokeo ya mtihani. Iliyorudi inatundikwa kwenye bomba la ukutani, nyuma ya pazia, mpaka mwenyewe aje aichukue. Na jina lake halitajwi. Anaambiwa mwenyewe, faraghani, pale ngazini, basi. Hata Shangazi hujua kwa kubahatisha tu.

Zawadi hapokei. Chakula cha mchana cha wenye chapa hali. Walishajaribu kumpa gari alitembelee, akasema miguu yake bado mipya.

Sasa msimu huu, nyuma ya lile pazia, palining'inia shati la rangi ya majivu ambalo kila alipolitazama roho ilimuuma. Lilikuwa shati la mchumba wake.

Mchumba wake walimwita Mtanashati, na hakuna aliyebisha. Alikuwa mwanamume wa kutembea polepole, mwenye macho ya upole na mikono safi, na vifungo vyake vilikuwa vimesimama mstari mmoja hata siku ya mvua. Chapa yake ilikuwa ni sahihi ya marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa mashati. Marehemu alikuwa akiishona kwa uzi mwembamba ndani ya kola, mahali pasipoonekana. Mwana alipoishika kazi akaitoa nje, akaitarizi kifuani. Ilianza ndogo kama punje ya mtama. Msimu uliofuata ikawa kama kifungo, na huu wa sasa ilikuwa imelingana na kiganja cha mtu mzima. Vijana wakaipenda. Siku hizi kijana hanunui shati, ananunua kifua.

Walikutana kwa ugomvi. Alipanda ngazi akiwa amefura, kuuliza ni nani huyu aliyethubutu kulifumua jina la baba yake. Wakabishana juu ya jina mpaka wakafika kwenye mikono ya shati, wakabishana juu ya mikono mpaka Shangazi akawawashia taa, na Mtanashati akaondoka amesahau koti lake kitini. Kesho yake alilirudia. Kesho kutwa akalisahau tena. Shangazi akasema, "Mwanangu, huyu mtu hasahau koti. Huyu anaweka rehani." Familia zikaonana, neno likatolewa, ikabaki kutaja siku tu.

Na jana, Wembe alimwita ngazini.

"Halikupita," alimwambia.

Mtanashati alicheka. "Lipi?"

"Lako."

"Unanitania."

"Nikikutania huwa nacheka."

Kicheko kikamtoka usoni kidogokidogo, kama maji yanayokauka kwenye sakafu. "Wembe, mpenzi wangu. Kila mtu anajua wewe ni mchumba wangu. Wasiponiona dirishani watasemaje?"

"Watasema shati halikupita."

"Watasema hata mchumba wake hamtaki!"

"Mimi nakutaka wewe. Shati silitaki."

"Nitundikie msimu huu tu. Moja. Msimu ujao nitarekebisha kila utakachoniambia."

"Na yule kijana atakayejibana ili alinunue msimu huu? Nimwambie asubiri kupendeza msimu ujao?"

Mtanashati alimtazama kwa yale macho ambayo Wembe alikuwa akiyaona hata akiwa amefumba yake, kisha akashuka. Alishuka ngazi zote bila kugeuka. Wembe hakumkimbilia, lakini alibaki ameshika ukingo wa ngazi pale mkono wa Mtanashati ulipokuwa umeshika, mpaka ubaridi wa chuma ukarudi.

Basi asubuhi hii alikuwa akifunika bomba la dirishani kwa shuka jeupe, maana zilizopita hazionekani mpaka mpiga picha afike, na Shangazi alikuwa akipiga pasi. Tundu la umeme lilikuwa nyuma ya pazia, kwa hiyo siku ya pasi pazia husogezwa lote pembeni, na bomba la zilizorudi hubaki wazi.

"Unalipigia nini hilo shuka?" Shangazi aliuliza. "Limekukosea?"

"Nalinyoosha."

"Unalinyoosha kama unamtandika mtu. Mpigie simu."

"Apige yeye."

"Haya. Mapenzi ya siku hizi kila mtu anasubiri simu ya mwenzake, mwisho mnazeeka na chaji imejaa."

Wembe alitaka kucheka, lakini sauti ya Kinyozi ikapanda kutoka chini, kali kama ya mpiga mbiu. "Wembe! We Wembe! Kuna mama anapanda huko, na uso wake si uso wa kununua!"

Hodi haikupigwa. Mlango ulifunguka, akaingia Mama Karakana, mama yake Mtanashati. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na ile mikono ya watu waliokata vitambaa maisha yao yote, kidole cha shahada kimepinda kidogo kufuata mkasi. Yeye na marehemu mumewe waliianza karakana yao kwa cherehani moja. Mpaka leo aliisimamia, ingawa oda zilipozidi mwanawe alianza kutafuta wa nje wa kumsaidia kushona.

"Shikamoo, mama," Wembe alisema, akapiga goti dogo la heshima.

"Marahaba. Sikupanda ngazi zote hizi kuja kuamkiwa."

"Karibu uketi basi," Shangazi akadakia, "miguu iliyopanda nayo ipumzike."

"Miguu yangu haijachoka. Kilichochoka ni moyo." Mama Karakana akamgeukia Wembe. "Binti, nitauliza mara moja. Mwanangu jana amekula kama anameza misumari. Nikamuuliza, akaniambia, mama, kesho dirishani simo. Nikamuuliza kwa nini, akanyamaza. Ni kweli hayumo?"

"Kama mwenyewe amekwambia, mama, ni haki yake kukwambia. Mimi ya nguo za watu huwa siyasemi."

"Watu! Mchumba wako ni watu?"

"Kwenye bomba, ndiyo. Akitoka kwenye bomba ni wangu."

Mama Karakana alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kama mtu anayetaka kuhakikisha anaongea na binadamu. "Mcheza kwao hutunzwa. Au kwenu hamjui hilo?"

"Tunalijua, mama. Hutunzwa akiwa amecheza."

Shangazi alipatwa na kikohozi cha ghafla, akainamia pasi.

"Una majibu wewe," Mama Karakana alisema taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. "Nilidhani nimepata binti, kumbe nimepata hakimu. Sikiliza. Lile jina la kifuani ni la mume wangu. Kila mwenye chapa hapa atalitazama hilo dirisha leo. Wakimkosa mwanangu, watasema hata aliyemchumbia hamthamini. Mimi siwezi kumleta nyumbani kwangu mwanamke aliyeanza kwa kutuvua nguo hadharani. Likitundikwa leo, yamekwisha, tutaje siku. Lisipotundikwa, lile neno nililolitoa kwenu nimekuja kulichukua."

Wembe alimwona Mtanashati akilini kama alivyomwona mara ya kwanza, amefura mlangoni, mkono umeshika lebo iliyofumuliwa, mzuri kupita kiasi kwa mtu mwenye hasira. Aliwaza nyumba yao ambayo bado haikuwepo. Aliwaza mkono ule juu ya ukingo wa ngazi. Kulikuwa na henga tupu pale dirishani, hatua chache tu. Angelitundika lile shati kabla hata pasi haijapoa, na dunia isingesimama.

"Mama," alisema, "mwanao nampenda. Nampenda kuliko ninavyoweza kusema mbele ya mama yake. Lakini hilo dirisha si langu kiasi cha kumpa nimpendaye. Kijana anaingia kwenye ukurasa wangu hajui kitambaa, hajui mshono, anajua kitu kimoja tu, kwamba Wembe hanunuliki. Nikinunulika kwa mapenzi, nimenunulika vilevile. Sitalitundika."

"Hata kwa ndoa yako?"

Macho ya Wembe yalijaa maji, lakini hakuyafuta wala hakuyaficha. "Hata kwa ndoa yangu."

"Basi nionyeshe!" Mama Karakana aligeuka kwa ghadhabu, akauelekea ukuta. "Nionyeshe hizo nguo za peponi zilizomshinda mwanangu!"

"Mama, hapo siyo..."

"Usinizuie! Mimi nimekata mashati kabla hujazaliwa!"

Tayari alikuwa ameshika bomba la ukutani. Alivuta koti la kwanza, akaligeuza ndani nje, akaguna. La pili akalipita. Mkono wake ukaangukia shati la rangi ya majivu. Lile la msimu huu alilokuwa ameonyeshwa nyumbani na mwanawe lilikuwa jeupe, jipya, halijaonja maji.

"Hee!" alisema, akalipeleka kwenye mwanga. "Hili ndilo mnaloliita zuri? Hebu tazameni. Kitambaa laini kama pumzi ya mtoto, mtu alikirundikia tarizi zito kifuani, matundu yake haya hapa, bila kuweka hata kipande cha kukaza kwa nyuma. Limeingia majini mara moja tu, kifua chote kimejikunyata kama mdomo wa bibi asiye na meno! Na kwapa? Kwapa limekatwa chini hivi, akinyoosha mkono kumsalimu mtu, anamwonyesha na kitovu. Haraka hii! Aliyelishona alikuwa anafukuzwa na mbwa?"

Shangazi alikuwa ameshaelewa. Alifumbua mdomo. "Nyani haoni..."

Wembe alimtupia jicho moja tu. Shangazi akaimeza methali yake kama kidonge kikavu.

"Mama," Wembe alisema kwa upole, "hilo ni bomba la zilizorudi. Zilizopita ziko pale dirishani, chini ya shuka."

"Ah!" Mama Karakana alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo. "Afadhali. Kumbe macho mnayo. Ni la nani hili? Nitajie, nisije nikampa huyo mtu hata soksi ashone."

"Hatutaji jina la nguo iliyorudi."

"Nitajie mimi. Mimi ni mama mkwe wako."

"Si umetoka kulichukua neno lako sasa hivi?" Shangazi aliuliza, akiangalia dari.

"Nawe shangazi una mdomo! Binti, unanificha? Utaingiaje nyumbani kwangu na siri?"

"Nitaingia na siri za wengine, mama. Zangu zote utazijua."

Hapo ndipo Wembe alipoinua macho akamwona. Mtanashati alikuwa amesimama mlangoni, anahema, ameshika fremu. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji, na shati lake, Mungu wangu, lilikuwa limefungwa vifungo vimepishana, upande mmoja wa kola umepanda sikioni. Hajawahi kuonekana hivyo tangu ajulikane. Alipopata habari kwamba mama yake ameondoka na mkoba wake wa shari, alivaa akiwa ameanza kukimbia.

Alikuwa amesikia. Kwa jinsi alivyolitazama lile shati, Wembe alijua amesikia kuanzia kwenye mdomo wa bibi.

Macho yao yakakutana juu ya bega la mama. Wembe hakumwomba kitu. Alimtikisia kichwa kidogo sana, kama kumwambia, hulazimiki. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Karibu. Mama anatazama mishono tu."

Wembe alikuwa amemfungulia njia. Angeweza kupita, akaamkia, akamshika mama yake mkono akamteremsha, na hakuna kinywa ndani ya chumba kile ambacho kingemsaliti. Pasi ilikoroma, ikatoa mvuke.

"Ni langu, mama," Mtanashati alisema.

"Lako nini?"

"Hilo shati."

Mama Karakana alimtazama mwanawe, akalitazama shati, akamtazama tena mwanawe kama anayesubiri acheke. Hakucheka. Mama akalilaza shati juu ya meza ya pasi, akaanza kupapasa kifuani. Uzi ulikuwa umefumuliwa, lakini matundu ya sindano yalibaki, madogo, yamefuatana. Kidole chake kilichopinda kikayafuata moja baada ya jingine, kikapanda, kikashuka, kikazunguka. Kilipofika kwenye herufi ya mwisho, kwenye mkia wake uliojikunja kama ndoana, kikasimama. Mkono ule ulikuwa ukiufahamu mkia huo kuliko ulivyoufahamu uso wake wenyewe.

"Baba yako," alisema, bila kuinua kichwa.

"Nilitaka jina lake lionekane, mama."

"Likiwa limekunjamana hivi?"

"Oda zilinizidi. Niliwapa watu wa nje washone haraka, nikawaambia tarizi liwe kubwa, maana watu wanataka kubwa. Nikapiga picha. Yakaonekana mazuri kwenye picha." Akasogea mpaka mezani. "Sikufua hata moja. Sikufua hata moja, mama. Yeye ndiye aliyelifua."

Mama Karakana alivuta kiti, akaketi, shati akiwa amelipakata mapajani. "Nilimuuliza baba yako siku moja, mbona jina unalificha kwenye kola? Akaniambia, likiharibika nitajijua mwenyewe. Likipendeza, ajulikane aliyelivaa." Akapangusa macho kwa mkono wa lile shati, akatambua anachofanya, akaguna. "Angalau linanyonya machozi. Kitambaa chenyewe hakina kosa."

Halafu akamgeukia Wembe.

"Ulijua ni letu."

"Nilijua, mama."

"Nimekuita hakimu. Nimekunyang'anya mume mbele ya shangazi yako. Neno moja tu lingenifunga mdomo, na shati nilikuwa nimelishika mwenyewe mkononi, nalitukana. Mbona hukulisema?"

"Ningekushinda wewe, nikampoteza yeye."

"Si ulikuwa umeshakubali kumpoteza? Kwa ajili ya shati?"

"Shati ni kazi yangu, mama. Aibu yake si kazi yangu. Nikimtaja leo mbele ya mama yake ili nipone mimi, kesho nitamtaja mbele ya jirani."

Mama Karakana alimtazama kwa juu ya miwani, kutoka utosini mpaka vidoleni, kama anavyotazama kitambaa kabla hajakubali kukikata. "Kinyozi alisemaje kuhusu kwapa?" aliuliza ghafla.

"Alisema alinyoa watu kutwa, na kila mteja alikiona kitovu cha Kinyozi kwenye kioo."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Mtanashati akafuata, kicheko cha mtu anayelia nusu.

"Na ukija kwetu," Mama Karakana aliendelea, akijitahidi kukaza uso, "mashati yetu bado utayafumua?"

"Yote."

"Hata nitakayoyakata mimi kwa mkono wangu?"

"Hata hayo. Na kwapa likishuka, nitakuita ngazini."

"Mimi? Hajazaliwa wa kuniita mimi ngazini!"

"Basi ukate vizuri, mama."

Mama Karakana akaangua kicheko kilichomtikisa na kiti chake, akapiga meza, akasema, "Yarabi! Mume wangu angempenda huyu. Angemwogopa, lakini angempenda." Akainuka, akamkunjia mwanawe lile shati, akamtilia kwapani. "Wewe. Hayo mengine yaliyokwenda madukani?"

"Nayarudisha yote. Nitatangaza mwenyewe, kwenye ukurasa wangu, na sababu nitaitaja."

"Na kukata?"

"Nitakuomba unirudishe kwenye meza ya kukatia, mama. Msimu huu sitauza. Nitakata."

"Vizuri. Shangazi, zima hilo dude, twende chini tukaongee kama watu wazima. Kuna siku ya kutaja."

"Pasi haijapoa," alisema Shangazi, akawatazama wale wawili waliosimama kila mmoja upande wake wa meza, wanaangaliana kama waliotenganishwa na mto. "Lakini leo nimeivunja sheria yangu mwenyewe. Mkiunguza kitu, ni chenu."

Wakashuka, wakisaidiana ngazi, tayari wanabishana kuhusu wingi wa wageni.

Mtanashati alibaki na shati kwapani. "Jana niliondoka vibaya," alisema.

"Uliondoka vibaya sana. Sogea."

Alisogea. Wembe alianza kumfungua vifungo kuanzia juu, akivipanga upya kimoja kimoja, kila kifungo na tundu lake. Mikono haikuwa na haraka. Mtanashati alikuwa akimtazama utosini, akihesabu kwa pumzi.

"Ulinitikisia kichwa," alisema. "Pale mlangoni. Ulitaka ninyamaze."

"Nilitaka uchague."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningekuficha. Ningekuficha maisha yangu yote." Akafunga kifungo cha shingoni. "Ila nisingeolewa nawe."

Mtanashati alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepita ukingoni mwa shimo gizani na sasa anaonyeshwa kina chake. "Na kama mama angelichukua kweli neno lake? Ungefanyaje?"

"Ningelia."

"Sana?"

"Sana. Mpaka Kinyozi apande kuuliza. Ningelia na kula nisile, na jina lako nisingelitaja kwa mtu, na mwanamume mwingine nisingemtazama kwa muda mrefu sana." Wembe aliinua macho, yenye maji na yenye kung'aa. "Halafu ningenawa uso, nikatundika nguo zangu, na shati lako lisingekuwemo."

Alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili. Hakuwa amemtazama hivyo hata siku ya kwanza. Siku ya kwanza alimtazama kama mtu aliyeona kitu kizuri, leo alimtazama kama mtu aliyeona kitu cha kwake. "Nitakukatia shati," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyewe. Nitalifua mara kumi kabla sijakuletea. Nawe utalirudisha."

"Likistahili kurudi, nitalirudisha."

"Nami nitakata jingine."

"Nami nitalisubiri."

Alikuwa ameinama, pumzi zao zimeanza kuchanganyika, pale sauti ya Mama Karakana ilipovuma kutoka chini, ikapita duka la Kinyozi na wateja wake wote waliokuwa wametega masikio.

"Nyie huko! Mnashuka tutaje siku, au nitafute wa kuwafungisha ndoa hukohuko juu?"